Ihsani isiishie kwenye kisu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika makala yetu ya Ijumaa ya leo tunakusudia kukumbushana juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linaingia katika kila nyumba yenye jiko. Jambo lenyewe ni nyama na kuku wasioiva sawasawa. Je, kitoweo kilichochinjwa kwa mujibu wa sheria, kikatajiwa jina la Mwenyezi Mungu, lakini kikaondolewa motoni kabla ya kuiva, ni salama kuliwa?

Tunauelekeza mjadala huu kwa familia za Kiislamu za Masoko, wilayani Rungwe, kwenye njia ishukayo kutoka Tukuyu kuelekea Ipinda na Ziwa Nyasa. Kwa Kiswahili jina la mahali hapo ni wingi wa neno soko, na kwa hakika suala letu linaanzia sokoni na kuishia sahanini. Rungwe ni nchi ya neema: mvua nyingi, ndizi, chai, maziwa na ng'ombe. Waislamu wa huko ni wachache kuliko majirani zao Wakristo, lakini wanaishi nao kwa wema, wanazikana na kualikana harusini. Wanachinja pamoja na kula pamoja. Kwa sababu hiyo kosa la jiko moja halibaki ndani ya nyumba moja.

Maswali mawili yasichanganywe

Kosa la kwanza tunaloliona katika mazungumzo ya watu ni kuchanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni la uhalali: je, mnyama huyu ameruhusiwa, na je, amechinjwa inavyotakiwa? Swali la pili ni la usalama: je, chakula hiki kitamdhuru anayekila? Wengi wetu hulijibu la kwanza kwa makini sana. Tutauliza nani kachinja, kisu kilikuwaje na kama alitaja jina la Mola wake. Tukishapata jibu tunakaa mkao wa kula, kana kwamba swali la pili limejijibu lenyewe.

Halikujijibu. Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 168, na katika Suratun Nahl, aya ya 114, ametuamrisha tule vilivyo halali na vilivyo vizuri. Hayo ni mambo mawili yaliyotajwa bega kwa bega. Kisu kikali na jina la Mwenyezi Mungu humfanya kuku awe halali. Havimtoi vijidudu vilivyomo matumboni na katika ngozi yake. Kazi hiyo imeachiwa moto, na moto umeachiwa akili ya mpishi.

Ama kuhusu hukumu ya nyama mbichi yenyewe, tusivuke mipaka. Nyama ya mnyama halali aliyechinjwa kihalali haigeuki kuwa haramu kwa sababu tu haijaiva. Vilevile wengi wa wanazuoni wamefafanua kwamba damu iliyoharamishwa katika Suratul An'am, aya ya 145, ni ile inayomwagika wakati wa kuchinja, si ile michirizi inayobaki ndani ya nyama. Na wataalamu wa nyama wanatueleza kwamba yale maji mekundu yanayotoka katika nyama iliyochinjwa vizuri kwa sehemu kubwa si damu, bali ni maji yaliyochukua rangi ya misuli. Kwa hiyo anayeona wekundu karibu na mfupa wa kuku na kusema kwamba chakula kimekuwa haramu anakosea kwa upande mmoja. Anayesema kwamba maadamu ni halali basi hakuna neno, anakosea kwa upande wa pili, na kosa lake ndilo linalopeleka watoto hospitali.

Kwani sheria yetu ina kanuni nyingine: kusiwe na kudhuru wala kudhuriana. Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizo. Kitu kilicho halali kwa asili yake huzuiliwa pale madhara yake yanapojulikana. Hivyo basi, ili tujue msimamo wa kuchukua, hatuna budi tuyajue madhara yenyewe.

Kilichomo ndani ya kuku na nyama

Tuanze na kuku. Bakteria waitwao salmonela na kampilobakta huishi matumboni mwa kuku bila ya kumuumiza yeye. Anapochinjwa, kutumbukizwa katika maji ya moto, kunyonyolewa na kupasuliwa, uchafu wa matumbo hugusa ngozi na nyama. Wakiingia kwa binadamu wakiwa hai, huleta kuhara, homa, maumivu ya tumbo na pengine kuhara damu. Kwa mtu mzima mwenye afya ugonjwa huo mara nyingi hupita baada ya siku chache. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa ambaye kinga yake imepungua, unaweza kuua.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2015, lilikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kutokana na chakula kisicho salama, na watu 420,000 hufariki. Kati ya hao waliofariki, 125,000 ni watoto wenye umri chini ya miaka 5. Bara letu la Afrika lilitajwa kuwa miongoni mwa yanayobeba mzigo mkubwa zaidi kulingana na idadi ya watu wake. Idadi hiyo haikutokana na nyama mbichi peke yake, lakini kuku, nyama na mayai yasiyoiva yamo.

Ama nyama ya ng'ombe, hapo ipo tofauti inayostahili kuelezwa. Katika pande kubwa la nyama safi, bakteria wengi huwa juu, ambako kisu na mikono vimegusa. Ndiyo sababu baadhi ya watu wa Ulaya huunguza pande hilo nje na kulila likiwa jekundu ndani, na wengi wao hawaugui. Lakini nyama ikisagwa, kilichokuwa nje huchanganyika na cha ndani. Mwaka 1993 huko Marekani watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 wakafariki kwa sababu ya nyama ya kusaga ambayo haikuiva. Aidha, kijiti cha mishkaki kinapopenya kipande cha nyama, huingiza ndani kile kilichokuwa nje. Kwa hiyo mishkaki haifanani na pande la nyama. Inataka iive hadi katikati.

Zaidi ya hayo, nyama ya ng'ombe inaweza kubeba mabuu ya tegu. Nyama ikiliwa mbichi au nusu mbichi, buu hukua tumboni mwa mtu likawa mnyoo wa mita kadhaa. Jirani zetu wa Ethiopia wana vyakula maarufu vya nyama mbichi, na tegu limekuwa la kawaida kwao kiasi kwamba kwa karne nyingi wamekuwa wakinywa dawa ya maua ya mti wa koso ili kulitoa. Anayesema kwamba wapo watu wanaokula nyama mbichi na hawadhuriki, aukumbuke na mti huo.

Tegu lisilohitaji mtu kula nguruwe

Hapa tunaomba familia za Masoko zitusikilize kwa makini zaidi. Liko tegu la pili, ambalo mabuu yake hukaa katika nyama ya nguruwe. Muislamu akisikia hivyo husema: hilo halinihusu. Nyama hiyo imeharamishwa kwetu katika Suratul Maida, aya ya 3, na tunamshukuru Mola kwa hilo. Lakini tegu hilo lina njia mbili za kuingia kwa binadamu, na moja tu kati ya hizo ndiyo inayopitia nyama.

Mtu anapokula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye mabuu, hupata mnyoo tumboni. Mnyoo huo hutaga mayai, nayo hutoka pamoja na choo chake. Asipokuwa na choo kizuri, au asiponawa mikono, mayai hayo hufika kwenye mboga, kwenye maji na kwenye mikono ya wengine. Atakayeyameza, awe Muislamu au asiwe, aliyekula nguruwe au ambaye hajapata kumgusa, anaweza kuotwa na mabuu katika misuli na hata katika ubongo. Yakikaa kwenye ubongo huleta kifafa na maumivu makali ya kichwa. Wangapi katika jamii zetu wamehesabiwa kuwa wamerogwa au wana mashetani, kumbe wanastahili kupelekwa hospitali!

Jambo hili si la nchi za mbali. Uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Mbozi, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya, ukachapishwa mwaka 2013, ulikuta alama za mabuu hayo katika damu ya takriban mtu 1 kati ya kila 6 waliopimwa. Hatusemi haya kwa kumnyooshea kidole jirani anayefuga nguruwe. Yeye ana dini yake nasi tuna yetu. Tunasema kwa sababu afya ya kijiji ni moja. Jirani akiivisha nyama yake vizuri, akimfungia nguruwe wake bandani na kutumia choo, amemkinga mtoto wa Muislamu. Na Muislamu akiosha mboga zake kwa maji safi, akinawa kwa sabuni na kuwa na choo chenye mfuniko, amejikinga mwenyewe. Twahara tunayofundishwa tangu chuoni ina kazi hapa pia.

Ulaini si kuiva

Huenda msomaji akauliza: mbona wazee wetu walikula kuku miaka yote na hatukusikia habari hizi? Jibu moja ni kwamba waliugua, na wengine walikufa, bila ya kujulikana sababu. Lakini liko jibu la pili, nalo linawapa wazee haki yao. Kuku wao alikuwa kuku wa kienyeji. Nyama yake ni ngumu. Hakuna meno yaliyoweza kumla kabla hajachemshwa kwa muda mrefu, na muda huo ulitosha kuua vijidudu kabla ya nyama kulainika. Ugumu wa kuku ulikuwa mlinzi wa familia. Na katika nyanda za juu kama Tukuyu, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 95 badala ya 100, nyama ngumu hukawia zaidi kulainika, na mpishi hulazimika kusubiri.

Kuku wa kisasa amekuja na mlinzi huyo akaondoka. Nyama yake ni laini tangu ikiwa mbichi. Hukaangwa kwa dakika chache katika kibanda cha chipsi, ikapata rangi nzuri nje, na meno hayalalamiki. Mpishi aliyezoea kupima kwa ulaini hudhani ameivisha. Mara nyingine kuku huyo ametoka kwenye friji akiwa bado na barafu ndani ya paja. Nje anaungua, na karibu na mfupa yuko vile vile alivyokuwa. Hali kadhalika nyama iliyopakwa papai bichi ili ilainike, au iliyolazwa katika ndimu, siki na pilipili. Viungo hivyo huleta ladha na ulaini. Havina uwezo wa kutegemewa wa kuua vijidudu, wala haviuondoi wajibu wa moto.

Na rangi nayo si shahidi wa kutosha. Kuku mchanga aliyeiva anaweza kubaki na weusi au wekundu karibu na mfupa kwa sababu ya uboho uliovuja, na nyama ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla haijaiva. Kipimo cha kweli ni joto. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba katikati ya chakula pafike angalau nyuzijoto 70. Marekani imeweka 74 kwa kuku. Asiye na kipimajoto, na ndio wengi wetu, atumie ishara kadhaa kwa pamoja. Kisu kifike kwenye unene wa paja hadi kiungoni. Maji yatokayo yawe meupe, si mekundu. Nyama iachane na mfupa kwa urahisi. Mchuzi uchemke wote, si pembeni tu. Ishara moja ikitia shaka, mrudishe kuku jikoni. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tuache linalotutia shaka tushike lisilotutia shaka, na hakuna shaka iliyo rahisi kuondolewa kuliko hii inayoondoka kwa dakika kumi za moto.

Moto nao una mipaka

Hata hivyo, tusije tukajenga imani kwamba moto hutakasa kila kitu. Mnyama aliyekufa ghafla, damu ikamtoka puani na kwenye matundu mengine, huenda amekufa kwa kimeta. Mbegu za kimeta ni sugu; kupika kwa kawaida hakutegemewi kuziua, na hata kumchuna mnyama huyo ni hatari kwa mkono unaomchuna. Asipasuliwe. Aitwe daktari wa mifugo. Mafundisho yetu ya kuharamisha mzoga tunayafuata kwa sababu ni amri ya Mola, nasi tungeyafuata hata tusipojua hekima yake. Lakini hapa hekima iko wazi kwa kila mwenye macho.

Vivyo hivyo kuku anayezubaa wakati mdondo umeingia kijijini. Wapo wanaomkimbilia na kisu kabla hajakata roho ili asipotee bure. Akiwahiwa akiwa na uhai wa kweli, kisheria kisu kinaweza kumhalalisha. Lakini linabaki lile neno la pili, vizuri. Nani amethibitisha kwamba kinachomuua ni mdondo, na si sumu au maradhi mengine? Sisi tunaona hasara ya kuku mmoja ni nyepesi kuliko hasara ya nyumba nzima.

Na hapa kwetu Tanzania tuna fundisho chungu zaidi. Mwezi Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021, huko huko Pemba, watu 7 walikuwa wamefariki kwa sababu hiyo hiyo. Sumu inayokaa katika nyama ya kasa haiondoki kwa kuchemshwa. Tuwaombee marehemu hao rehema, na tuyakumbuke makaburi yao kila tunapoambiwa kwamba chochote kikipikwa sana hakidhuru.

Upande mwingine upo pia: hofu isiyo na elimu. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini mwetu na watu 144 wakafariki. Wananchi wengi wakaikimbia nyama ya ng'ombe yote. Lakini hatari kubwa ya homa ile ilikuwa katika kuchinja na kuchuna mnyama mgonjwa, kugusa damu na mimba zilizotoka, na kunywa maziwa mabichi au kula nyama mbichi. Nyama iliyokaguliwa na kuiva haikuwa adui. Elimu ingewaokoa wachinjaji na wakati huo huo ingewaokoa wauza nyama.

Hoja wanazotoa watu

Wapo wanaosema kwamba nyama ikiiva sana hupoteza nguvu. Wengine huwapa wajawazito na wanaotoka kuugua maini yaliyogeuzwa mara moja tu motoni, wakiamini kwamba ndiyo yanayoongeza damu. Hii ni ihsani iliyopotea njia. Madini ya chuma yaliyomo ndani ya maini hayateketei kwa moto wa jiko. Yamo katika ini lililoiva kama yalivyokuwamo katika ini bichi. Kinachobaki hai katika ini lisiloiva ni vijidudu, na kimojawapo, kiitwacho toksoplasma, huweza kumdhuru mtoto akiwa angali tumboni mwa mama yake. Hatusemi nyama iwe mkaa. Tunasema iive.

Wapo pia wanaosema: tumesema Bismillahi, na aliyepangiwa kuugua ataugua tu. Huyu akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alimwelekeza yule bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Bismillahi ni ufunguo wa baraka, na haikupata kuwa badala ya wajibu. Tusomapo kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.) na wageni wake katika Suratu Hud, aya ya 69, tunaelezwa kwamba aliwaletea ndama aliyechomwa. Wageni walikuja ghafla naye alifanya haraka kuwakirimu, lakini haraka yake haikumfanya awaletee kibichi. Ukarimu wa baba wa Mitume ulikuwa wa kitoweo kilichoiva.

Kisha wapo wanaonyamaza kwa haya. Mgeni amewekewa paja la kuku, akalikuta bado jekundu, na anaogopa kumvunjia mwenyeji heshima. Kwa huyu tuna mwendo wa Mtume (S.A.W.) ambao Abu Huraira (R.A.) ameusimulia: hakuwa akikitia ila chakula kabisa, akikitamani alikula, na asipokitamani alikiacha. Basi mgeni na akiache kipande hicho kwa utulivu, ale kingine. Akiwa ni mtu wa karibu, amwambie mama wa nyumba kwa siri ili wengine wasidhurike. Na mwenye nyumba akiambiwa asinune. Aliyekuonyesha nge chini ya mkeka wako hakukutukana.

Wajibu wa kila mmoja

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha ihsani katika kila jambo, na akatoa mfano wa machinjo: mchinjaji akinoe kisu chake na ampunguzie mnyama mateso. Masoko ina wachinjaji wanaojua sana adabu hiyo. Tunachokiomba ni kwamba ihsani isiishie kwenye kisu. Iendelee hadi kwenye beseni, ubao, sufuria na sahani.

Mchinjaji na abadilishe maji ya kunyonyolea kuku yanapochafuka. Maji yaliyojaa kinyesi yana najisi kwa fiqhi na maradhi kwa tiba. Muuza nyama na auze iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Sheria ya nyama ya mwaka 2006 imeweka utaratibu, na mkaguzi anapopasua ulimi, moyo na misuli ya taya za ng'ombe anatafuta mabuu yale yale tuliyoyataja. Mpishi wa nyumbani na autenge ubao wa nyama mbichi na wa kachumbari. Akimwosha kuku, amwoshee katika chombo chake, polepole, mbali na vyombo na mboga, ili maji yasirukie kila mahali, kisha akisugue chombo na mikono kwa sabuni. Kachumbari iliyokatwa kwa kisu cha kuku mbichi haitapikwa tena. Itakachobeba kitakwenda moja kwa moja tumboni.

Ama wapishi wa walima na misiba, hao wana mzigo mzito zaidi, kwa kuwa wanawalisha mamia. Sufuria kubwa la nyama lililopikwa usiku na kuachwa lipoe lenyewe hadi adhuhuri ni shamba la bakteria. Wako vijidudu ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa, kisha huamka nyama inapopoa taratibu. Wako na wengine wanaoacha sumu ambayo haiondoki kwa kupashwa moto. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kipikwe karibu na wakati wa kuliwa, au kibaki motoni kikifuka mvuke. Tunashauri kila kamati ya walima iteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu: haondoki chungu hiki mpaka ameridhika. Heshima apewe kama anavyopewa mshika fedha.

Na maimamu na walimu wa madrasa, kuanzia Masoko hadi Tukuyu mjini, nao wasilione somo hili kuwa la wanawake wa jikoni. Anayewafundisha watoto dua ya kula awafundishe pia kunawa kwa sabuni na kutambua kuku asiyeiva. Mtoto ndiye anayetumwa kununua chipsi kuku jioni. Akijua kusema, "Baba, naomba uirudishe kidogo motoni," ameiokoa nyumba yake.

Msimamo wetu

Kwa kuhitimisha, jibu letu kwa swali tuliloanza nalo ni hili. Kuku asiyeiva si salama, wala hakuna kiasi cha ubichi wake ambacho familia inaweza kukizoea. Nyama ya kusaga, mishkaki na maini vina hukumu hiyo hiyo ya tahadhari. Pande la nyama ya ng'ombe lina hatari ndogo zaidi, lakini katika mazingira yetu, ambako nyama husafiri bila barafu na si kila mnyama hukaguliwa, tunaona liivishwe nalo. Mwenye kujilisha mwenyewe kibichi hali anajua, amejihatarisha nafsi aliyokabidhiwa. Mwenye kumlisha au kumuuzia mwenziwe hali anajua, amemdhulumu, hata kama kisu chake kilikuwa kikali na ulimi wake ulitaja jina la Mola wake.

Kuni na mkaa ni ghali, tunalijua hilo. Lakini gharama ya dakika chache za moto haifanani na nauli ya usiku ya kumkimbiza mtoto hospitali, sembuse sanda. Familia ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku vilivyo halali na vizuri, atupe afya ya kumwabudu, na awaponye wagonjwa wetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.